Mambo ya kuzingatia kabla hujabofya kiungo kwenye barua pepe

Ile barua ya kitapeli ya mtoto wa mfalme aliyeachiwa mamilioni hailizi watu wengi tena. Wanaolizwa leo hulizwa na barua fupi, iliyonyooka, inayofanana na kazi waliyokuwa wakiifanya dakika tano zilizopita. Kwa hiyo acha kuwinda makosa ya tahajia. Matapeli wameshapata mashine za kuwasahihishia.

Anza na anwani, achana na jina. Jina hujazwa na mtumaji mwenyewe, na anaweza kujiita benki, bosi wako, hata wewe. Kwenye simu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu programu nyingi huonyesha jina tu. Liguse mpaka anwani itokee, kisha soma herufi kwa herufi: r na n zikibanana huonekana m, na sifuri hukaa vizuri tu mahali pa o.

Kiungo nacho kisome kabla hujakifungua. Kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubofya. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ile miwili ya mwanzo, halafu rudi kushoto: jina lililo jirani na mkwaju huo ndilo la mwenye tovuti. Anwani kama benkiyako.com.hakiki-sasa.net/ingia ni ya hakiki-sasa.net. Hilo "benkiyako" la mbele ni chambo, mtu yeyote anaweza kuliandika pale.

Kufuli pembeni ya anwani halimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Linasema mawasiliano yenu yamefichwa njiani, basi, na tapeli naye hulipata bure. Google waliiondoa alama hiyo kwenye Chrome ya kompyuta mwaka 2023, maana watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Ukiambiwa akaunti itafungwa ndani ya saa 24, funga barua. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Iliyoandikwa ndani ya barua usiiguse.

Faili la zipu, yaani lililobanwa, ambalo nywila yake imeandikwa kwenye barua hiyohiyo, usifungue. Nywila imewekwa ili mitambo ya kuchuja isiweze kuchungulia ndani.

Sasa hili lililonigharimu mimi.

Barua ilitoka kwa mteja niliyekuwa nikiandikiana naye wiki hiyohiyo, kwenye mazungumzo yaleyale, na chini yake yalikuwepo maneno yangu mwenyewe. Anwani ilikuwa yake halisi, kwa sababu akaunti yake ilikuwa imeshaibwa. Kipimo cha kiungo kingeikamata, ila sikukipima. "Mkataba uliorekebishwa huu hapa," ilisema. Nikabofya. Ukafunguka ukurasa wa kuingilia kwenye barua pepe, anwani yangu imeshajazwa, imebaki nywila tu. Nikaandika. Ikasema nimekosea. Nikaandika tena, taratibu, herufi mojamoja, nikidhani vidole vyangu ndivyo vimeteleza. Mara ya pili ikanitupa kwenye ukurasa halisi wa huduma ya barua pepe, bila mkataba wowote. Hapo moyo ukapiga paa!

Ndani ya robo saa nilikuwa nimebadilisha nywila. Nikashusha pumzi. Na sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wenzangu ofisini, sasa nianzie wapi kusema nimeingia mkenge?

Wiki tatu baadaye mteja mwingine kabisa akanipigia kuuliza kama pesa zimefika. Hazikufika. "Mbona tulilipa kwenye ile akaunti mpya?" Akaunti mpya ipi? Akanisomea barua "yangu". Salamu zilikuwa zangu, hata ile tabia yangu ya kumalizia na "asante sana tena". Namba ya akaunti tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Tulipochimba kwenye mipangilio ya barua pepe yangu tukakuta kanuni, yaani agizo la kupanga barua zenyewe zinapoingia, ambayo sikuiweka mimi. Jina lake lilikuwa nukta moja, basi. Kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" ilitoa nakala kwenda anwani ya nje, yenyewe ikahamia kwenye folda ya RSS, ya kupokelea habari za tovuti, ambayo sikuwahi kuifungua tangu nianze kazi. Maswali ya mteja yalikuwa yamelala humo. Mwizi alikuwa na robo saa tu ndani ya akaunti yangu, na ilimtosha. Mimi nilibadilisha kitasa cha mlango, nikaacha tundu alilotoboa ukutani.

Kwa hiyo ukishaandika nywila mahali usipopaelewa, usiishie kuibadilisha. Tumia kompyuta au simu nyingine. Viondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea kukaa ndani hata nywila ikibadilika. Fungua sehemu ya kanuni na ya kusambaza barua, futa usichokitambua. Kagua programu zilizoruhusiwa kusoma barua zako, pamoja na namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Halafu sema. Sema siku hiyohiyo, kwa bosi, kwa fundi wa kompyuta, kwa wateja. Ningesema ndani ya saa ile, fundi angeiona nukta kabla ankara hata moja haijatoka.

Na wewe unayelipa: mtu akibadilisha namba ya akaunti kwa barua pepe, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake. Usidhani ni wadogo tu wanaopigwa hivi. Kati ya 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alijifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, iliyokuwa ikiwauzia vifaa vya kompyuta, akawatumia Google na Facebook ankara za uongo, wakalipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa miaka mitano New York mwaka 2019.

Pesa ikishatoka, simu ya kwanza ni benki yako, uombe malipo yazuiwe. Kinachohesabika hapo ni saa. Barua yenyewe usiifute, ni ushahidi. Bonyeza kitufe cha kuripoti hadaa, ambacho kwenye Gmail kimefichwa nyuma ya vitone vitatu, kisha ipeleke kama kiambatisho kwa fundi wenu na kwa taasisi inayoigizwa. Ukiisambaza kawaida, vichwa vya barua vinavyoonyesha imepitia seva zipi hubaki kwako, na mpokeaji anabaki na maandishi matupu. Kundi la kimataifa la kupambana na hadaa, APWG, hupokea barua za aina hii kutoka popote kwa reportphishing@apwg.org. Polisi wapelekee pia, walau upate namba ya taarifa, maana benki inaweza kuidai.

Mengine ni ya kawaida. Namba za uthibitisho zinazoingia kwa SMS usiziandike kwenye ukurasa uliofika kupitia kiungo. Ukurasa bandia huzipokea na kuzitumia sekunde ileile. Barua ya kitapeli usiibofye "jiondoe", utakuwa umemthibitishia kwamba anwani yako ina mtu. Msimbo wa QR ndani ya barua ni kiungo kama kingine, tofauti yake ni kwamba huwezi kukisoma kwa macho. Na ukishapigwa mara moja, jiandae: siku si nyingi atajitokeza mwingine, mpole, anayedai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo tu. Barua yake iripoti kama ile ya kwanza.