Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: ipime, ichonge, ndipo uivishe leza

Madereva wengi wanaoniletea siti huja na ombi moja: "Fundi, niongezee sponji laini." Huwa nakataa, kisha naeleza sababu. Sponji laini ni tamu nusu saa ya mwanzo tu. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kwa Boxer au TVS inayoendeshwa kwa adabu utakaa juu ya siti saa tatu na zaidi. Hujafika Chalinze, sponji laini imeshabonyea yote, mifupa ya makalio inagonga kitako cha plastiki, damu haipiti vizuri na ganzi inaingia. Siti ya safari ndefu inatakiwa iwe ngumu kiasi, pana na tambarare.

Hatua ya 1: Jua kinachouma

Usikate kitu kabla ya kujua maumivu yako wapi. Ukiungua sehemu mbili chini ya makalio, sponji imekufa au siti ni nyembamba kuliko mifupa yako. Kikiuma kifandugu, nyuma ya siti pamebonyea kama bakuli na umekalia mkia badala ya makalio. Ganzi ikianzia mbele, kwenye mapaja na sehemu za siri, siti imeinamia tangi na kila ukifunga breki unateleza kwenda mbele. Yakiuma mabega na viganja, acha siti kwanza, angalia usukani: legeza nati zake, uurudishe kidogo upande wako.

Kipimo cha haraka cha sponji ni goti. Piga goti juu ya siti, weka uzito wote. Ukihisi plastiki, sponji hiyo haina kazi tena.

Hatua ya 2: Pima mifupa yako

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya benchi gumu, ukalie umevaa suruali nyepesi, inua visigino kidogo, tulia dakika moja. Ukiinuka utakuta mashimo mawili. Pima kati kwa kati. Kwa watu wengi inakuja kati ya sentimita 10 na 14, na wanawake mara nyingi ni pana zaidi. Sasa pima siti pale unapokaa hasa. Sehemu tambarare inatakiwa ipite mashimo hayo kwa sentimita tatu hivi kila upande. Kama mabega ya siti yanaanza kushuka kabla ya hapo, mifupa yako inaning'inia pembeni, na hata sponji ya bei mbaya haitakusaidia.

Hatua ya 3: Vua leza

Fungua siti; pikipiki nyingi ndogo zinahitaji ufunguo au spana namba 10 au 12. Ng'oa pini zinazoshika leza (kifuniko cha nje cha siti) kwenye plastiki, kwa bisibisi bapa na plaizi. Usiichane leza ya zamani, utaitumia kama kielelezo cha kukatia mpya. Kama sponji ina maji, iweke kivulini hadi ikauke kabisa, maana gundi haishiki penye unyevu.

Hatua ya 4: Chonga na ubandike

Chora kwa chaki eneo la mifupa, kisha mstari wa katikati. Eneo la mifupa kata sponji iliyochoka, uende chini kama inchi moja na nusu, uzibe kwa sponji ngumu. Nzuri kuliko zote ni ile ya vipande vya rangi rangi vilivyogandamizwa pamoja, wauza magodoro wanayo. Ni nzito, na haibonyei kirahisi. Pembeni ongeza vipande vya sponji hiyo hiyo mpaka upate upana uliopima. Mbele, karibu na tangi, paache pembamba, la sivyo miguu itatanuka na hutafika chini vizuri ukisimama.

Kukata tumia kisu kirefu cha mkate au jino la msumeno wa chuma. Kulainisha, grainda yenye msasa mkavu wa namba 40, kwa mkono mwepesi, na uvae barakoa, vumbi lake halifai mapafuni.

Gundi ya viatu paka pande zote mbili, nyembamba, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ikirundikana hukauka ikawa ngumu, na utaikalia njia nzima. Kwa wenye kuumwa kifandugu, chonga mfereji mdogo katikati kuelekea nyuma. Malizia na tabaka jembamba la sponji laini, sentimita moja tu, kuficha viungo.

Kisha weka pima maji juu yake pikipiki ikiwa imesimama wima na mtu amekaa. Nataka povu liwe katikati, au mbele pawe juu kidogo sana.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuvisha

Funika sponji kwa leza ya zamani, ifunge kwa mipira ya tyubu, uende mwendo wa saa nzima. Penye kuuma weka alama, rudi uchonge. Leza ikishapigwa pini, kila marekebisho ni gharama.

Hatua ya 6: Visha

Tanguliza nailoni juu ya sponji, maji hupenya kwenye mishono. Mshono usipite chini ya mifupa. Anika leza juani ilainike, vuta mbele kwanza, kisha nyuma, halafu ubavuni ukianzia katikati. Chagua pini fupi zisizotoboa plastiki.

Hatua ya 7: Pikipiki na mwili

Shokapu zikikazwa kupita uzito unaobeba, kila tuta linakuja mgongoni. Safari ya peke yako zilegeze. Ukipakia abiria au mzigo zikaze. Jinzi yenye mshono mnene acha nyumbani, vaa ndani bukta ya kubana isiyo na mshono katikati. Kwenye matuta simama kidogo juu ya futresti.

Shuka kila baada ya saa moja, utembee dakika tano. Panga vituo mapema: ukitoka Morogoro kwenda Iringa, pumzika Doma, kwa sababu mbele yake barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo tembo na nyati huvuka, si mahali pa kushuka kujinyoosha. Kituo kinachofuata kiwe Mikumi mjini.