Darubini ya ndege: 8x42 au 10x42? Chagua hivi

Vijana wanaoanza kazi ya kutembeza wageni huku Gede na Watamu, pwani ya Kenya, swali lao la kwanza huwa si la ndege, ni la darubini: ninunue ipi? Na wengi wakiuliza tayari wana jibu lao moyoni, wanataka ile yenye namba kubwa, manake mtu anawaza kumi inapita nane na ishirini inapita kumi, basi ishirini ndo mashine yenyewe. Sivyo kabisa. Fuata hatua hizi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Elewa namba mbili

Kila darubini ina namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndo inaamua mwanga kiasi gani unaingia. Chukua ndege aliyetua mita 80 kutoka ulipo. Kwa 8x utamwona kana kwamba yuko mita 10, kwa 10x kana kwamba yuko mita 8. Mita mbili tu! Hizo ndo watu wanazigombania hadi wanasahau mengine yote.

Hatua ya 2: Jiulize unaangalia ndege wapi

Hapa ndo penye kazi, usiparuke.

Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una sehemu ya mirihi, miti mirefu, na ndege wadogo wanapita huko juu kwa makundi ya kuchanganyika, mara unasikia sauti, mara majani yanatikisika, chozi wa Amani anatua kwenye kitawi sekunde mbili ashahama kitawi kingine. Hapo huhitaji kukuza sana, unahitaji upana wa kuona. Darubini nyingi za 8x42 zinakuonyesha upana wa kati ya mita 110 na 145 ukiangalia umbali wa mita 1000, za 10x42 mara nyingi ni kati ya 95 na 120. Kwenye boksi imeandikwa, na kama wameandika digrii zidisha kwa 17.5 upate mita, kwa hivyo digrii 7 ni kama mita 122. Sasa lete hesabu hiyo msituni ambako ndege yuko mita 20 tu: ile ya mita 125 inakupa duara la mita mbili na nusu, ya mita 105 inakupa mbili na kidogo. Kwa ndege anayeruka kitawi hadi kitawi huo upana kidogo ndo unaoamua kama umemwona au umeona majani. Ukienda na 20x ni kama kuchungulia harusi kwa tundu la kitasa, utasikia vifijo bibi harusi humwoni.

Afu angalia inafokasi karibu kiasi gani. Mita mbili ni nzuri sana, mita tano kwenye kichaka ni mateso.

Kule Mida, ile hori ya bahari karibu na Watamu, ni mambo mengine. Pale ni tope wazi na mikoko, na kuanzia kama Agosti hadi Aprili wanajaa vitwitwi waliotoka mbali kaskazini, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anayekula kaa. Ndege wako mbali, hawajifichi, unaweza kumkodolea mmoja dakika nzima ukihesabu rangi za miguu. Hapo 10x inakusaidia kweli. Lakini jua likishapanda, mvuke wa joto unachezacheza juu ya tope na kadiri unavyokuza ndivyo unavyoukuza na huo mvuke, kwa hivyo cha maana zaidi ni kwenda asubuhi, na upige mahesabu ya maji. Maji yakiwa yanajaa ndege wanasukumwa kuja upande wako, yakiwa yamekupwa kabisa wako huko mbali hata 10x haitoshi, pale ni skopu, ile darubini ya jicho moja inayokuza sana, na stendi ya miguu mitatu.

Kama utatembea kote kote, chukua 8x. Kama wewe ni wa Mida, fukweni na mbugani Tsavo tu, 10x ni sawa.

Hatua ya 3: Gawanya

Chukua namba ya pili gawanya kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. 42 kwa 10 ni 4.2. 32 kwa 8 ni 4. Na vile vidogo vya mfukoni 10x25 ni 2.5. Jibu ni upana, kwa milimita, wa kile kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma kuingia jichoni mwako.

Mboni ya jicho mchana wa jua kali inajifunga hadi milimita 2 au 3, kwa hivyo saa sita mchana hata 10x25 itakuonyesha vizuri, na hapo ndo wauzaji wanakupata, manake unaijaribu nje ya duka juani na unasema mbona safi! Ipeleke chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ndege ndo wamechangamka, mboni imefunguka milimita 5 au zaidi na darubini inakupa 2.5, ndege anakuwa kivuli cheusi. Kwa msituni usishuke chini ya 4.

Je, kubwa zaidi ni bora zaidi? Hapana. 7x50 inatoa 7.1, mabaharia wanaipenda kwa sababu chombo kinayumba na usiku ni giza, ila sisi wenye umri kidogo mboni zetu mara nyingi hazifunguki kufikia hapo, kwa hivyo unabeba kioo kizito na mwanga wa ziada unaishia nje ya mboni.

Hatua ya 4: Pima mkono na shingo

Darubini ikikuza mara kumi, na mtetemeko wa mkono inaukuza mara kumi. Dukani ishike kama dakika tatu hivi ukisoma bango la mbali, si sekunde tano. Herufi zikicheza, shuka 8x. Zaidi ya 10x bila stendi mi sishauri mtu.

Uzito nao: 8x42 nyingi ni kati ya gramu 600 na 800. Kwa siku nzima shingoni utazihisi, kwa hivyo tafuta mkanda wa kuvaa mabegani. Ukiona bado ni nzito, 8x32 ni mbadala wa heshima kabisa, ila jua lenzi ya 42 inaingiza mwanga zaidi kwa kama asilimia 70.

Hatua ya 5: Kama unavaa miwani

Tafuta kwenye maelezo umbali wa jicho kutoka kioo cha nyuma, uwe milimita 15 kwenda juu, 17 ni raha zaidi. Ukivaa miwani zile raba za machoni zishushe, usipovaa zipandishe. Ukiona weusi pembeni, hapo ndo pa kurekebisha kwanza.

Hatua ya 6: Ikague dukani

Ishike mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga, tazama vile viduara viwili vya nyuma. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe zilizokatika zenye kijivu, vioo vya ndani ni vya bei rahisi.

Geuza uangalie lenzi za mbele chini ya taa. Mng'ao wa kijani au zambarau iliyofifia ni dalili nzuri, mng'ao mweupe mtupu maana yake kioo hakijapakwa kitu. Zile zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki achana nazo, zinapunguza mwanga na kubadilisha rangi za ndege, na rangi ndo tunayoitafuta. Za kuzumu pia, zile unazobadilisha zikuze mara ngapi, sijui 10-30x60, hapana.

Halafu toka nje tafuta kunguru kwenye waya wa stima, hawakosekani. Mtazame dhidi ya mbingu nyeupe: akiwa na ukingo wa zambarau au kijani kuzunguka mwili, kioo ni dhaifu. Waya wenyewe ukiuona miwili, au macho yakianza kuvuta, rudisha, mapipa mawili hayajalingana.

Kama pesa inatosha 10x42 ya hivi hivi au 8x42 nzuri, chukua hiyo nzuri, usifikirie mara mbili.

Hatua ya 7: Iseti kwa macho yako

Wengi hawafanyi hii na wanailaumu darubini. Panua au bana mapipa hadi uone duara moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, fokasi maandishi ya mbali kwa gurudumu la katikati ukitumia jicho la kushoto. Kisha ziba kushoto, na sasa gurudumu usiliguse, zungusha pete ya jicho la kulia hadi maandishi yakolee. Kariri alama iko wapi, manake mgeni akiazima ataichezea.

Na ukimwona ndege usishushe macho kutafuta darubini. Mkazie macho hivo hivo, inua darubini ije machoni.

Hatua ya 8: Itunze, sisi ni watu wa pwani

Nunua iliyofungwa kuzuia maji na kujazwa gesi ya naitrojeni, unyevu wa huku hauna huruma. Usifute lenzi kwa shati, mchanga na chumvi vitaikwaruza, pulizia kwanza ndo ufute na kitambaa cha miwani. Nyumbani iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unavyokuta kwenye boksi za viatu, usiifungie kabatini kwenye mkoba wa ngozi. Ukiona vijinyuzi vyeupe ndani ya kioo peleka kwa fundi wiki hiyohiyo, fangasi ikishakula ile rangi ya lenzi hata isafishwe vipi alama inabaki.