Kabla hujafunga lifti ya gari nyumbani

Lifti ya gari, ile mashine ya kunyanyua gari ili ufanye kazi chini yake, hununuliwa mwisho. Wengi huanza nayo: mtu ameona picha, ametumiwa bei, ameshapiga hesabu ya usafiri mpaka bandari ya Dar es Salaam, halafu ndiyo anakumbuka kwamba gereji yenyewe ni banda la mabati lenye sakafu aliyoimwaga fundi wa nyumba kwa saruji iliyobaki. Geuza mpangilio. Pima paa, toboa sakafu, uliza habari za umeme, kisha ndiyo uongee na muuzaji. Na kama kazi yako ni kubadili oili ya IST yako mwenyewe mara chache kwa mwaka, ishia hapa hapa. Nunua jeki ya magurudumu iliyo imara na stendi nne za uhakika, hela inayobaki lipia ada za shule.

Bado upo? Basi amua kwanza kazi utakayofanya. Lifti ya nguzo mbili ndiyo wanayoitaka karibu wote, na wana sababu: inashika gari kwenye bodi au chesisi, magurudumu yote manne yananing'inia, breki na shokapu na gia boksi unavifikia ukiwa umesimama. Kwenye ya nguzo nne gari linapanda na matairi yake juu ya njia mbili za chuma. Hiyo imetulia, haiegemei sana bolti za chini, na inamfaa mwenye magari mawili na nafasi moja ya kuegesha, ila ukitaka kutoa tairi lazima uwe na jeki nyingine ya kukaa katikati ya zile njia. Ya mkasi haihitaji paa refu na ni nzuri kwa matairi, breki na kazi za bodi, lakini chuma chake kinakaa katikati kabisa ya gari, pale pale unapotaka kuingiza mikono kushusha gia boksi. Shimo la kizamani nalo lina wapenzi wake. Ni rahisi na halijui kukatika kwa umeme. Tatizo ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama humo shimoni alipo fundi na balbu yake. Na masika yakianza, Dar shimo hilo ni kisima.

Paa: chukua futi upime kutoka sakafuni mpaka chini ya kenchi, si mpaka kwenye bati. Lifti nyingi za nguzo mbili hunyanyua gari kama mita 1.8. Noah ina kimo cha karibu mita 1.85. Jumlisha, umefika mita 3.65, na bado hujahesabu keria. Angalia pia nguzo zenyewe. Zipo zinazounganishwa chini kwa bamba linalopita sakafuni, hizo kimo chake ni kama mita 2.8, na zipo zinazounganishwa juu, sakafu ikabaki wazi, hizo mara nyingi hupita mita 3.5. Upana wa nje, nguzo hadi nguzo, ni kama mita 3.4, uongeze nafasi ya mtu kupita kila upande akiwa amebeba tairi.

Uzito: usisome namba kubwa iliyobandikwa kwenye nguzo ukaridhika. Lifti ya tani 4 ina mikono minne, kila mkono umetengenezwa kubeba robo, yaani tani moja. Gari halina adabu ya kujigawa robo robo. Magari madogo mengi tunayoendesha huku yana injini na gia boksi zote mbele. Land Cruiser inavuka tani mbili ikiwa tupu, na mwenyewe ameacha nyuma sanduku la vifaa na madumu ya maji. Mwambie atoe. Ukishusha injini gari likiwa juu, uzito unahamia nyuma, kwa hiyo weka stendi ndefu chini ya sehemu ya nyuma kabla hujalegeza nati ya kwanza.

Umeme: uliza kama mota ni ya njia moja au ya njia tatu (fezi moja au fezi tatu) kabla hujalipa. Nyumba nyingi zina njia moja, na kuomba TANESCO wakuletee njia tatu ni gharama nyingine na subira nyingine. Mota ya kilowati 2.2 inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishazunguka, hivyo ivutie waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi. Waya mwembamba wa ekstensheni unaifanya mota iungurume bila kuzunguka, na ukiendelea kubonyeza utanusa kitu kinaungua.

Hapo kwenye umeme kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, sijui kwa nini. Lifti nyingi za nguzo mbili hushuka kwa uzito wa gari lenyewe: unafungua valvu, mafuta yanarudi kwenye tangi, gari linateremka taratibu. Kwa hiyo mtu anadhani umeme ukikatika hana shida. Lakini fundi anapofanya kazi chini, gari linatakiwa likae kwenye kufuli, yale meno ya chuma ndani ya nguzo, si kwenye mafuta ya haidroliki. Ili kufuli ziachie, gari lazima kwanza lipandishwe kidogo. Umeme hakuna, pampu haifanyi kazi, gari la mteja liko juu na mwenyewe yuko getini na koti mkononi. Waulize wauzaji kama lifti yao ina pampu ya mkono ya dharura. Kama haina, jenereta yako iwe na nguvu ya kuiwasha mota ile. Kile kijenereta cha taa na friji hakitaiwasha.

Sasa sakafu. Hapa tukae.

Kuna mzee jirani Kimara, dereva mstaafu wa malori, mtaa mzima tunamwita Babu. Alinunua lifti ya mtumba ya nguzo mbili akaifunga nyuma ya nyumba ili kijana wake, ambaye ni fundi mzuri tu, aache kulala chini ya magari ya watu. Mafundi waliokuja kuifunga walitoboa sakafu kwa drili, na mtu makini angewasimamisha pale pale. Unga wa mwanzo ulitoka wa kijivu, wa saruji, halafu drili ikazama yenyewe ghafla na kuanza kutoa mchanga mwekundu. Tundu la pili likatoa vipande vya tofali. Wakapuliza, wakagonga bolti, wakakaza, wakalipwa. Lifti ikasimama inapendeza. Vitz ikapanda, IST ikapanda, Babu akaweka benchi la kahawa pembeni.

Dalili zilianzia kwenye spana. Kijana alikuwa anazikaza nati za nguzo ya kushoto mara kwa mara, na kila akizikaza zinakubali robo mzunguko. Bolti ya kupanuka iliyoshika zege zuri ukiikaza ikafika, imefika. Ile inayoendelea kukubali inang'oka kidogo kidogo, wewe unadhani unaikaza. Pembeni ya bamba la nguzo kukawa na unga mwembamba wa kijivu, wakawa wanaufagia asubuhi pamoja na vumbi la kawaida. Fundi ujenzi yeyote angeshusha timazi kwenye nguzo ile, angeona imeanza kuinamia ndani. Gereji ya magari haina timazi.

Kisha ikaja Prado. Ilipofika usawa wa kifua ukasikika mlio mmoja mkavu, na ufa ukakimbia kutoka kwenye bamba mpaka ukutani. Bolti za upande wa nje zilikuwa zimenyanyuka kiasi cha kupitisha kidole chini ya bamba. Hivyo ndivyo nguvu inavyofanya kazi kwenye lifti hizi: mikono inatoka kwenye nguzo kwenda ndani, mzigo unavuta nguzo kichwa kwa kichwa, na bolti za upande wa nje ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mvutano. Kijana alikuwa na akili ya kutogusa kitufe chochote. Aliwatoa watu wote, wakatafuta mataruma ya mbao, wakayapanga kwa kuyasukuma na mti mrefu, tabaka juu ya tabaka, bila mtu kuingiza hata mkono chini, mpaka chesisi ikapata pa kukaa. Giza lilishaingia walipomaliza. Hakuna aliyeumia. Mwenye Prado hakurudi.

Walipobomoa wakakuta jamvi, yaani lile zege la sakafu, la vidole vinne, sentimita saba hivi, na sehemu ya hizo ilikuwa saruji laini ya kusawazisha tu. Nondo hakuna. Chini yake kifusi ambacho hakikuwahi kushindiliwa. Sakafu ya hivyo inabeba gari lililoegeshwa miaka na miaka bila neno, kwa sababu gari lililoegeshwa linakandamiza. Lifti inang'oa.

Kwa hiyo fungua kitabu cha lifti unayoitaka usome ukurasa wa sakafu kabla ya ukurasa wa bei. Watengenezaji hawalingani, lakini wengi wanataka zege la sentimita 15 au 20, la kiwango cha nguvu cha C20/25 kwenda juu, na likae siku 28 kabla ya kutobolewa. Wengine wanakubali pungufu ya hapo kwa lifti ndogo. Kama kitabu chako kinakubali, sawa, usikisie tu. Kujua unene ulionao ni kazi ya dakika chache: toboa tundu moja la majaribio karibu na itakapokaa nguzo, ingiza waya uliokunjwa ncha, vuta mpaka ncha ikwame chini ya jamvi, weka alama, pima. Kama halitoshi usimwage zege jipya juu ya la zamani ukadhani umeongeza unene, hayo ni matabaka mawili. Kata, chimba, shindilia, funga nondo, mwaga upya. Simama hapo mafundi wakichanganya, maana wakiona zege ni gumu kusukuma wataongeza maji, na kila ndoo ya ziada inakula nguvu ya zege. Limwagilie maji angalau wiki ya kwanza. Siku 28 ni siku 28 hata kama lifti imeshafika na shemeji ana haraka. Bolti zikae mbali na nyufa na kingo za jamvi, sentimita 15 au zaidi, na zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu, kisha zirudiwe baada ya wiki za mwanzo. Nati ikiendelea kukubali, simamisha kazi.

Ukinunua mtumba, sharti uione ikipanda na kushuka ikiwa na gari juu, na uisikilize: kufuli za nguzo zote mbili zinatakiwa kulia pamoja. Ikilia moja moja, waya za kusawazisha zimepishana au zimechoka. Kisha ishushe, zima umeme, pitisha kitambaa cha pamba taratibu kwenye waya wa chuma. Nyuzi iliyokatika itanasa kitambaa. Ukikitumia kidole badala ya kitambaa utajua mwenyewe. Kwa wakazi wa Kigamboni, Mbezi Beach, Mombasa na Unguja hili ni muhimu zaidi, chumvi ya baharini inakula waya kutokea ndani huku nje unang'aa kwa girisi. Tikisa mikono, angalia meno yanayoizuia isizunguke, tafuta kibao cha namba na uwezo wa mashine. Kibao kikiwa kimeng'olewa, rudi nyumbani. Na spea: mwambie muuzaji akuonyeshe waya na raba za akiba ghalani kwake, kwa macho. “Zinaagizwa” maana yake hakuna.

Kama utaajiri hata kijana mmoja, hapo si nyumbani tena, ni mahali pa kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana haki ya kuuliza lifti imekaguliwa lini. Afadhali uwafuate kabla hawajakufuata.

Mengine unayajua, lakini nitayasema. Weka raba za mikono kwenye sehemu alizoonyesha mtengenezaji wa gari, usikisie kwa kuangalia penye chuma. Pandisha mpaka matairi yaachie ardhi kidogo tu, simamisha, lisukume gari kwa mkono, tazama pande zote nne, ndiyo uendelee. Hakuna mtu kukaa ndani ya gari, hata kama anatafuta simu yake. Milango ifungwe. Watoto, kuku na majirani wenye ushauri wakae nje ya mstari uliochora sakafuni. Oili iliyomwagika ifutwe kabla ya kupandisha, si baada. Usiikopeshe. Jamaa mwenye Fuso akikuambia anataka kunyanyua mbele tu kidogo, mwambie hapana, na akikasirika akasirike. Na kitabu cha maelekezo kikija kwa Kichina kitupu, shikilia malipo ya mwisho mpaka alete unachoweza kukisoma. Baada ya kumaliza kulipa hatapokea simu.