Kupanda mpamu wa kifalme: kina cha shimo na makuti ya manjano

Mpamu wa kifalme, Roystonea regia kwa jina la kitaalamu, ni mti wa taifa wa Kuba. Hapa Dar es Salaam unakubali vizuri, ila wengi wanauua bila kujua.

1. Mahali. Mti huu huvuka mita 20, na kuti lake hufika mita 3 au 4. Likizeeka hudondoka lenyewe, zima na zito. Kaa mita 4 au 5 kutoka ukutani, mbali na maegesho na nyaya za umeme.

2. Mche. Usidanganywe na urefu; tafuta kitako kinene. Shika kuti changa lililosimama katikati kama mkuki, ulivute taratibu. Likichomoka, shaha, yaani moyo wa mti kileleni, imeoza. Usinunue.

3. Shimo. Upana uwe mara mbili ya kiriba (mfuko wa mche), kina sawasawa na kiriba, basi. Mizizi ya mpamu huchipuka kwenye kitako cha shina, na ukikizika kinakosa hewa. Mwaka wangu wa kwanza nilizamisha miche miwili futi moja zaidi ili upepo usiilaze. Ilikaa kijani miezi mingi, kisha makuti mapya yakaanza kutoka mafupi mafupi. Nilipofukua, kitako kilikuwa cheusi, kinanuka. Inaniuma hadi leo. Ukihofia upepo, tegemeza kwa miti mitatu, lakini usipigilie msumari kwenye shina: jeraha la mpamu halizibi.

4. Maji. Panda masika yanapoanza. Mvua zikikatika, mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi 6 ya mwanzo. Tandaza majani makavu, yasiguse shina.

5. Makuti ya manjano. Hapa ndipo panga hufanya uharibifu. Makuti ya chini yakipata madoa ya njano na rangi ya chungwa, mti una njaa ya potasiamu, na unaifyonza kutoka kwenye makuti hayo ya zamani ili ulishe machanga. Ukiyakata, unahamia kuyanyonya yanayofuata, na kichwa kinazidi kupungua. Mpe mbolea yenye potasiamu na magnesiamu, uinyunyize chini ya kivuli chote cha makuti, si kwenye shina. Madoa ya zamani hayafutiki. Angalia makuti yatakayokuja. La kuondoa ni lililokauka kabisa, na mara nyingi utalikuta limeshalala chini.