Kabla mgonjwa wa kiharusi hajatoka wadi, ulizeni habari za moyo

Mgonjwa wa kiharusi akianza kuinua mkono na kutamka maneno mawili matatu, familia hushusha pumzi. Macho yote huwa kwenye mkono na mguu. Moyo hakuna anayeukumbuka. Lakini mtu ambaye mishipa yake ya kichwani imechakaa, ya moyo nayo huwa mashakani, na ubongo ulioumia unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa wiki za mwanzo. Basi awe amelazwa hospitali ya Kenyatta, Mama Lucy au kwingineko, msiondoke kabla ya kumhoji daktari.

Moyo umepimwa? ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ni ya dakika chache tu, ila mapigo ya ovyo huja na kupotea, kwa hiyo karatasi moja safi haitoshi kuwatuliza. Ulizeni kama anahitaji kuvaa Holter, kifaa kinachorekodi mapigo ya moyo, kwa saa 24 au zaidi, na kama afanyiwe echo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ulizeni pia kiharusi kilitokana na damu kuganda au mshipa kupasuka, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Aspirini inayomkinga mmoja inaweza kumdhuru mwingine.

Nyumbani kuwe na mashine ya presha, ile inayofungwa juu ya kiwiko. Akae ametulia dakika 5, apimwe mkono usiopooza, namba ziandikwe daftarini. Wengi hulenga chini ya 130/80, ingawa daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho. Dawa za presha na za kolesteroli haziachwi eti kwa sababu anajisikia vizuri. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipiwe mapema.

Linalonikera zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Bega la upande uliopooza huuma kwelikweli, mtu anashuka hadi duka la dawa la mtaani, anapewa vidonge bila kuulizwa lolote. Dawa hiyo huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuleta kuvuja damu. Taja kiharusi kabla hujataja bega, na uulizie parasetamoli. Sukuma wiki mwenye warfarin asikatazwe, ila kiasi anachokula kisipande na kushuka kila wiki, maana mboga hiyo hugusa nguvu ya dawa.

Kama mnakaa ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline na hakuna lifti, mkubaliane sasa ni nani atakayemshusha na kwa kiti kipi. Namba za dharura ni 999 na 112. Wekeni pia ya ambulensi na ya jirani mwenye gari. Asiyeweza kusema hatawaambia kifua kinabana. Mtaona jasho jembamba la baridi, mkono usiopooza ukikamata kifua, kuhema, au kukataa kulala chali. Hapo msingoje kupambazuke. Mpelekeni na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na ile kadi.