Jinsi ya Kuomba Kibali cha Utafiti wa Misitu kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, anayetaka kufanya utafiti ndani ya msitu wa hifadhi, kwa kawaida huanza safari yake kwa kuulizia nauli na vifaa. Ushauri wangu ni kwamba aanze na barua, kwa kuwa fedha ikichelewa utafiti husogea mbele, ilhali barua ikikosekana mtafiti hurudishwa getini akiwa ameshalipia gari na wasaidizi. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekusudia kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mkoani Tanga, kupima namna mti wa Maesopsis eminii, ambao si wa asili ya milima ya Usambara iliyo na hifadhi hiyo, unavyoenea miongoni mwa miti ya asili.

Kazi ya kwanza ni andiko la utafiti. Ofisi zote utakazopitia zitalisoma kwa kutafuta mambo yaleyale: unakwenda msitu gani, kwa muda gani, utafanya nini humo na utatoka na nini. Andiko linalosema tu kwamba utafiti utafanyika "katika misitu ya Usambara Mashariki" halimsaidii anayetakiwa kutia saini, kwa sababu misitu hiyo ina wenyewe tofauti: ipo ya Serikali Kuu, ya halmashauri, ya vijiji na hata ya mashamba ya chai, na kila mwenye msitu ana ruhusa yake ya kutoa. Taja hifadhi kwa jina, taja wilaya na vijiji vinavyoizunguka, eleza idadi na ukubwa wa viunzi vya sampuli, yaani vipande vya msitu utakavyovipima, na useme wazi kama utapima tu kipenyo cha mti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, au kama utachuma majani, utachimba udongo au utatoboa shina. Kupima na kuchukua ni mambo mawili tofauti kabisa machoni pa mhifadhi, na ana haki ya kuyatofautisha.

Andiko likishapitishwa na msimamizi wako na idara, omba kibali cha utafiti kwa kupitia ndaki yako na kurugenzi inayosimamia utafiti na masomo ya uzamili. Watu wengi hudhani kwamba kila mtafiti lazima aombe moja kwa moja kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Kwa wanafunzi na watumishi wa SUA, Makamu Mkuu wa Chuo amepewa mamlaka ya kutoa kibali hicho kwa niaba ya Tume. Kibali hutolewa kama barua yenye jina lako, mada ya utafiti, eneo na tarehe za kuanza na kumaliza. Soma tarehe hizo kabla ya kuondoka ofisini. Ukiomba miezi mitatu inayoangukia masika, kuanzia Machi hadi Mei, utajikuta na kibali kinachokaribia kwisha huku barabara ya kupanda Amani ikiwa haipitiki kwa urahisi. Kwa hiyo omba muda unaozidi kidogo ule unaoukadiria.

Mtafiti kutoka nje ya nchi hufuata njia nyingine. Yeye huomba COSTECH, huhitaji mshirika wa utafiti aliye katika taasisi ya Tanzania, na akishapata kibali huomba Idara ya Uhamiaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Kama mradi wenu una mwenzenu wa aina hiyo, mwambieni aanze mapema kuliko ninyi.

Barua ya chuo huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa mfano wetu akiwa wa Tanga. Naye huandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya ya Muheza, ambaye barua yake ndiyo itakayokufikisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata na hatimaye mtendaji wa kijiji. Katika kila ofisi, wasilisha barua masjala, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, na uandike kumbukumbu namba yake kwenye daftari lako. Barua ambayo huna namba yake ni vigumu kuifuatilia, na karani wa masjala hawezi kulaumiwa kwa kutoiona katikati ya majalada mengi.

Sambamba na njia hiyo ya utawala, andika barua kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ambao ndio wanaosimamia Amani. Kibali cha chuo kinathibitisha kwamba utafiti wako unatambulika; ruhusa ya kuingia msituni na kugusa kilichomo inatoka kwa mwenye msitu. Ambatanisha kibali, andiko na orodha ya sampuli. Ukifika hifadhini, ripoti kwa mhifadhi kabla ya kuweka kiunzi cha kwanza, na uombe kufuatana na mtu anayeijua misitu hiyo. Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na miti mingi ya kigeni unayoikuta huko ilipandwa kwa makusudi. Bila mwenyeji utahesabu mti uliopandwa kana kwamba umejiotea.

Iwapo sampuli zitapelekwa maabara ya nje ya nchi, hilo linahitaji vibali vyake, kikiwemo cheti cha afya ya mimea. Anayefanya utafiti wa mpingo aongeze hatua nyingine, kwa kuwa jenasi nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo tangu mwaka 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, isipokuwa spishi moja, Dalbergia nigra, yenye ulinzi mkali zaidi.

Ofisi ninayoiheshimu kuliko zote katika mlolongo huu ni ile ya kijiji. Kama hojaji yako itawauliza wakazi kuhusu kuni, dawa za miti au mipaka ya hifadhi, usiende nyumba kwa nyumba kwa sababu tu una barua ya mkoa. Mwone mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, keti na kamati ya maliasili, ueleze kwa Kiswahili chepesi kwamba wewe ni mwanafunzi na hukuja kupima mipaka ya mashamba ya mtu. Wakazi wa kandokando ya hifadhi wana kumbukumbu ndefu za watu waliokuja na futi na karatasi, na mashaka yao yana sababu.

Kazi ikiisha, peleka nakala ya ripoti chuoni na TFS, na uandike kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya kijiji. Muulize mtendaji mapema tarehe ya mkutano mkuu unaofuata, uombe nafasi ya kusoma matokeo mbele ya wakazi, na utenge nauli ya safari hiyo katika bajeti ya andiko lako tangu mwanzo.