Kuzuia dijitaria kwenye nyasi za uwanja: piga dawa vuli, kabla ardhi haijaganda

Dijitaria (Digitaria) ni gugu la msimu mmoja. Huota udongo ukipata joto, hutambaa kiangazi kizima, humwaga mbegu, kisha jalidi huliua. Kwa hiyo vuli (majira ya majani kupukutika, si mvua za vuli) hakuna gugu la kuua, unategea mbegu. Prodiamini, dawa ya kuzuia magugu kuota, hushika tabaka la juu la udongo na kuzuia seli za mizizi michanga zisigawanyike. Kwenye baridi huvunjika polepole sana, ndiyo maana iliyopigwa vuli huwa bado ipo mbegu zinapoamka.

1. Maliza kwanza kazi za udongo

Toboa na kukwangua udongo kabla ya dawa, maana baadaye utalivuruga tabaka lenyewe. Ondoa majani yote: jani lililolala chini hupokea dawa iliyokusudiwa udongo. Na kama unataka kupanda mbegu za nyasi vuli hii, acha dawa kabisa. Haijui mbegu ya gugu na mbegu yako, na kizuizi hudumu miezi. Hapa ndipo wengi huharibu.

2. Fuata kipimajoto, si kalenda

Kichomeke sentimita 5 ardhini asubuhi. Ukipata chini ya nyuzi 10 za Selsiasi siku nne au tano mfululizo, piga. Ardhi ikishaganda umechelewa. Dawa itakaa juu na kusombwa theluji ikiyeyuka.

3. Pima bomba lako la kunyunyizia

Usiruke hatua hii. Pima mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu hadi alama, nyunyiza mraba wote kwenda na kurudi, kisha tena kwa kuzikata njia za kwanza, kwa mwendo utakaoweza kuushika siku ya kazi. Jaza tena hadi alama kwa jagi la vipimo. Yakiingia lita 5, bomba la lita 15 linatosha mita za mraba 300.

Prodiamini ya chenga ya asilimia 65, gramu 11 kwa mita za mraba 100, ni kipimo cha kadiri; bomba hilo litachukua gramu 33. Pima kwa mizani, usikisie kwa kijiko. Kibandiko cha dawa ndicho chenye neno la mwisho, kwa kuwa kiwango cha juu cha mwaka hutegemea aina ya nyasi.

4. Changanya na kupiga

Koroga chenga kwenye ndoo ndogo ya maji hadi upate uji wa manjano usio na madonge, mimina kwenye bomba lililojaa nusu, kisha ongeza maji. Vaa glavu. Dawa hii hutuama, hivyo tikisa bomba kila baada ya dakika chache. Usipofanya hivyo mwanzo wa uwanja utapata nyingi na mwisho maji. Piga njia mbili zinazokatana, kama ulivyopima. Mstari ulioruka utauona kiangazi: gugu litaota humo humo, limenyooka kama rula. Iliyodondokea sakafu ioshe papo hapo kuelekea kwenye nyasi. Huacha doa la manjano, na ni sumu kali kwa samaki, isifike mtaroni.

5. Mwagilia

Milimita 12 zatosha. Weka makopo matupu uwanjani, zima maji yakifika kimo hicho. Bila maji dawa hubaki kwenye majani ya nyasi.

6. Machipuko

Mbegu huanza kuota udongo ukikaribia nyuzi 13, mapema zaidi kando ya lami na saruji zinazohifadhi joto. Penye baridi hafifu, gawa kipimo: nusu vuli, nusu kabla ya joto hilo. Miche iliyopenya ikiwa haijatoa chipukizi la pembeni, dithiopiri, dawa nyingine ya magugu, bado huikamata. Ikishatambaa, tafuta kwinkloraki, dawa ya kuua gugu lililokwisha kuota, au ing'oe kabla haijachanua.